Muuguzi Akivua Sare

Zipo kazi ambazo mtu huziacha jioni pamoja na vyombo vyake. Seremala akifunga karakana, hakuna amfuataye kuchungua anakula na nani wala anacheza ngoma gani. Watu humhukumu kwa meza aliyoichonga: ikisimama sawa juu ya miguu yake minne, yeye ni fundi, ikiyumba, si fundi. Lakini zipo kazi nyingine ambazo macho ya watu hayakubali kuziacha jioni, na mojawapo ni kazi ya uuguzi. Muuguzi akimaliza zamu, akavua sare, akaoga na kwenda harusini, macho ya mtaa huenda pamoja naye. Akicheza, watu huulizana kama huyu siye yule aliyemdunga mtoto sindano asubuhi. Akinywa bilauri moja ya pombe, huhesabiwa tatu. Akizaa kabla ya kuolewa, akiachwa na mume, akivaa nguo isiyompendeza jirani, maneno huanzia sokoni na kuishia mezani kwa msimamizi wake wa kazi.

Nataka tulitazame jambo hili pamoja, msomaji, kwa sababu haliko mbali nawe. Katika darasa unalokaa sasa yamkini wamo watakaokuwa wauguzi. Na sote, wewe na mimi, tutakuwa wagonjwa siku moja. Swali ni hili: je, mwenendo wa muuguzi katika saa zake mwenyewe uwe sababu ya kumpunguzia heshima ya kazi, kumnyima cheo, au kulifuta jina lake katika daftari la wauguzi? Jibu langu ni la, isipokuwa pale ambapo mwenendo huo umemfikia mgonjwa, au una dalili dhahiri za kumfikia. Nje ya mpaka huo maisha ya muuguzi ni yake, na anayeyaingilia kwa jina la maadili ni mdhalimu, hata akiwa na nia njema.

Kabla hatujawalaumu wenye maoni mengine, yatupasa tujue maoni yao yalitoka wapi. Huko Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, muuguzi wa hospitali hakuwa mtu wa kuheshimiwa. Charles Dickens, katika riwaya yake Martin Chuzzlewit iliyotoka kati ya mwaka 1843 na 1844, alimchora muuguzi mmoja mlevi aitwaye Sairey Gamp, na wasomaji wakacheka kwa kuwa walimtambua. Florence Nightingale, binti wa watu matajiri, alipotaka kuwa muuguzi, jamaa zake walimkataza kwa miaka mingi, wakiona ni aibu. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alisimamisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Wanafunzi wake walikaa katika nyumba moja chini ya uangalizi mkali, na kila mwezi karatasi ya kila mmoja ilijazwa: si ustadi wake wa kufunga vidonda peke yake, bali pia utulivu wake, uaminifu wake, unadhifu wake na kutochelewa kwake.

Hatuna haki ya kumcheka mama yule. Siku zile muuguzi hakuwa na mtihani wa taifa wala leseni. Uingereza yenyewe haikuwa na sheria ya kuwasajili wauguzi mpaka mwaka 1919. Mgonjwa angejuaje kwamba mtu huyu anafaa? Hakuwa na ushahidi mwingine ila tabia. Kwa hiyo tabia ilifanywa cheti.

Lakini cheti hicho kiliendelea kudaiwa hata vyeti vya kweli vilipopatikana. Mwaka 1893, katika mji wa Detroit, Marekani, Lystra Gretter na wenzake walitunga kiapo wakakipa jina la Nightingale, ingawa si yeye aliyekitunga. Katika kiapo hicho muuguzi huahidi kuishi maisha safi na kuifanya kazi yake kwa uaminifu, kana kwamba ahadi hizi mbili ni moja. Hospitali nyingi za Uingereza ziliendelea, mpaka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kumtaka muuguzi aache kazi akiolewa. Ndoa, jambo ambalo kila mzazi humwombea bintiye, ilikuwa kosa likiwa la muuguzi. Mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa kanuni zake za kwanza za maadili, nazo pia zilimtaka muuguzi awe na mwenendo wa binafsi utakaoiletea kazi yake sifa. Naam, sababu ya ukali ule ilikuwa imekwisha, lakini ukali wenyewe ulibaki.

Hapa kwetu Kenya tunayo Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, ya mwaka 1983. Lipo Baraza la Wauguzi linalosajili, linalotahini, na lenye mamlaka ya kuwachukulia hatua wale waliopotoka. Muuguzi wa leo amesoma miaka, ametahiniwa, na jina lake limo daftarini. Mgonjwa hahitaji tena kwenda kuuliza sokoni kama muuguzi huyu alionekana wapi juzi usiku. Aulize kama amesajiliwa.

Ukitaka kuona jinsi hukumu ya mwenendo inavyoweza kumpotosha hata mtu mwema, tazama habari za Mary Seacole. Mwanamke huyu alizaliwa Jamaica, na ujuzi wa dawa aliupata kwa mama yake. Vita vya Crimea vilipopamba moto alikwenda London kujitolea kuuguza askari, akakataliwa. Hakurudi nyuma. Mwaka 1855 alisafiri kwa fedha zake mwenyewe, akafungua nyumba karibu na Balaklava, akawauzia askari chakula na vinywaji, na kutoka hapo akawatibu wagonjwa na kuwafunga majeruhi vidonda. Nightingale alikuwa na maoni gani juu yake? Baadaye, katika barua ya faragha, alikiri ya kuwa mwanamke huyo alikuwa na huruma na alifanya mema kidogo. Lakini aliongeza kwamba aliwalevya watu wengi, na kwamba nyumba yake haikuwa mbali sana na nyumba za sifa mbaya. Pima maneno hayo. Muuguzi mkuu kuliko wote wa zama zake alimpima mwenziwe kwa vinywaji alivyouza, lakini askari walimpima kwa mikono iliyowafunga vidonda. Mwaka 1857, Seacole alipofilisika, tamasha kubwa lilifanywa London kumchangia fedha. Na mwaka 2016 sanamu yake ilisimamishwa kwenye uwanja wa hospitali ya St Thomas', hospitali ile ile ambayo Nightingale aliianzishia shule yake. Katika mashindano ya hukumu hizo mbili, mimi naona askari ndio walioshinda.

Sasa tuwape nafasi wapinzani wetu, maana hoja isiyojibiwa hairudi nyuma. Wao husema hivi: mgonjwa hamchagui muuguzi wake. Analetwa amezimia, anavuliwa nguo na mtu asiyemjua, anafungua siri ambazo hakumfungulia hata mkewe. Kazi ya namna hiyo husimama juu ya imani, na imani haigawanyiki mafungu mawili, moja la mchana na moja la usiku. Aliye mwongo nyumbani atakuwa mwongo wodini. Tena samaki mmoja akioza, huoza wote: akifanya aibu muuguzi mmoja, wauguzi wote huvunjiwa heshima. Hiyo ni hoja nzito, wala siidharau. Bali naijibu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza: imani ya mgonjwa hujengwa na huvunjwa mahali pa kazi. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma, badala ya kusaidiwa akatukanwa na kupigwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki na utu wake vilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Je, kuna aliyeuliza kama wauguzi wale walikwenda dansi Jumamosi, au walikuwa wanakwaya? Hakuna, wala haikuwa lazima kuuliza. Kosa lilitendeka kazini, mchana kweupe, ndani ya sare. Lakini ni mara ngapi mtaa wetu umejaa maneno juu ya muuguzi mpole anayeishi na mwanamume asiyemwoa, huku mwenziwe anayewafokea waja wazito akiitwa mama mwema kwa sababu hakosi ibada? Tunapotumia macho yetu yote kuulinda mlango wa nyumba ya muuguzi, tunabaki bila macho ya kuulinda mlango wa wodi.

Na heshima ya mtaani si dhamana hata kidogo. Harold Shipman hakuwa muuguzi bali daktari, katika mji wa Hyde, Uingereza. Lakini habari zake zinatufaa. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kusifiwa, na wazee walishindana kuandikishwa kwake. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa kuwaua wagonjwa 15, na uchunguzi uliofuata ulikadiria ya kuwa waliokufa mikononi mwake walifika karibu 250. Nyuma ya hayo, mwaka 1976, alikuwa amepatikana na hatia ya kughushi maagizo ya dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya maumivu, kwa matumizi yake mwenyewe. Alitozwa faini, kisha akaachwa aendelee na udaktari. Hebu lifikiri jambo hilo, msomaji. Kosa lililokuwa na dalili ya kumfikia mgonjwa lilipita, na sura nzuri ya mjini ikawafumba watu macho. Wangemwuliza zaidi juu ya dawa na kumsifu kidogo kwa adabu, huenda baadhi ya wale wazee wangezikwa kwa kifo chao wenyewe.

Jambo la pili: hukumu ya mtaa haiwapimi watu kwa kipimo kimoja. Daktari mwanamume na muuguzi mwanamke wakionekana katika hoteli moja, usiku mmoja, wakinywa kinywaji kimoja, asubuhi yeye ataitwa mtu anayejua kupumzika, na huyu ataitwa mtu aliyepotea. Kama kweli tunailinda imani ya mgonjwa, mbona hatumwulizi daktari, ambaye kalamu yake yaweza kuua upesi kuliko sindano? Ukweli ni kwamba wengi wa wauguzi wetu ni wanawake, na maadili tunayodai kuyalinda mara nyingi ni desturi yetu ya zamani ya kumchunga mwanamke, tuliyoivika koti jeupe. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu pia hutazamwa kwa jicho hilo. Nimeona katika vyumba vya walimu jinsi dada zetu wanavyosemwa kwa mambo ambayo sisi wanaume hufanyiwa mzaha tu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba natetea kila kitu kinachotendeka baada ya zamu. Nilisema mpaka upo, na sasa nitauonyesha. Muuguzi aliyeketi akisukwa nywele, akawaambia wenzake kwamba jirani fulani ana virusi vya UKIMWI, hakuwa zamuni wala hakuvaa sare. Lakini amemjeruhi mgonjwa vibaya kuliko angemchoma sindano iliyooza. Sheria ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI inalinda siri hiyo, na Baraza lina haki kumwita ajibu. Muuguzi anayekesha kilabuni naye ana zamu alfajiri, hakosi kwa kunywa, bali kwa kuuleta kazini mkono unaotetemeka. Anayeuza mtaani dawa zilizotoka katika kabati la hospitali, anayetumia jina la uuguzi kueneza uongo juu ya chanjo, aliyehukumiwa mahakamani kwa kumtesa mtoto nyumbani naye anatazamia kurudi katika wodi ya watoto: hawa wote wameuvuka mpaka. Katika kila mmoja wao waweza kumwonyesha kwa kidole mgonjwa aliyeumizwa, au yule atakayeumizwa.

Lakini je, waweza kumwonyesha mgonjwa aliyeumizwa na ngoma ya harusini? Aliyeumizwa na mimba isiyo na ndoa? Aliyeumizwa na nguo fupi, na nywele zilizotiwa rangi, na maneno makali ya mume na mke? Hayupo. Hayo yaweza kuwa mazuri au mabaya; mzazi aweza kuyasema, mchungaji au shehe aweza kuyasema, rafiki wa kweli aweza kuyasema pia. Mwajiri na Baraza hawana la kusema.

Wengine hunijibu: "Mbona mwenendo wa nje ukiwa mwema mnaushangilia?" Hutoa mfano wa Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, aliyepewa mwaka 2022 tuzo ya kimataifa ya wauguzi huko Dubai yenye thamani ya dola 250,000. Dada huyu alijenga shule kijijini kwao, ambamo watoto na wazazi wao pia husoma, tena amepigania kukomesha ukeketaji. Wanasema: ikiwa sifa ya nje ya wodi yaweza kumpandisha muuguzi, aibu ya nje ya wodi na imshushe. Hoja hii inapendeza kuisikia, lakini haisimami. Sifa ni zawadi, na mtoa zawadi yu huru kumpa amtakaye. Kufutwa kazi si kunyimwa zawadi. Ni kumpokonya mtu mkate wake na kumpokonya mgonjwa mikono iliyofundishwa. Huhitaji hoja kubwa ili kumpa jirani yako shada la maua, lakini ukitaka kumvunjia nyumba huna budi uwe na hati ya mahakama.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeliona jambo hili. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapomdhuru. Hakikuandikwa popote "kila mtu isipokuwa muuguzi." Msimamizi anayemhamisha muuguzi kwa sababu ya maneno ya sokoni, pasipo kumwita, pasipo shahidi, pasipo barua, anavunja jambo kubwa kuliko desturi.

Kwa siku hizi, msomaji, soko limehamia mikononi mwako. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu na ulichoka njiani. Leo hupanda simu na kuvuka kaunti zote kabla chai haijapoa. Muuguzi hucheza sebuleni kwake, mtu humpiga picha, na watu elfu ambao hawakupata kutibiwa naye hudai afukuzwe. Ukiletewa picha ya namna hiyo, usiisukume mbele kwanza. Jiulize maswali matatu. Mgonjwa aliyedhuriwa ni nani? Ushahidi u wapi? Na kama aliyetenda angekuwa daktari mwanamume, ningesema hivi hivi? Kama nyuma ya muuguzi katika picha yuko mgonjwa amelala kitandani, uso wazi, basi swali la kwanza limepata jibu, na kosa ni kubwa. Kama nyuma yake liko pazia la nyumbani kwake, futa picha hiyo, uendelee na masomo yako.

Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imekwisha kuwalisha wengi njaa. Mimi nakuomba usichoke kuwa mkali, bali uupeleke ukali wako mahali pake. Ukimwona muuguzi akimtukana mama aliye katika uchungu, usinyamaze kwa kuwa ni mtu wa dini, wala kwa kuwa ni rafiki wa mama yako. Mwambie msimamizi wake, na asiposikia, lipelekee Baraza malalamiko yako. Na ukiambiwa kwamba muuguzi aliyekesha na nduguyo mpaka homa ikashuka alionekana jana akicheza, uliza tu alimfanya nini mgonjwa. Wakikosa la kukujibu, mwache acheze. Kesho ana zamu.